Linashika Upepo

Dokta alichuchumaa nyuma ya gari, akalitazama tairi la kushoto, na hasira yake ikaanza kazi kabla yeye mwenyewe hajaanza yake.

Ubavuni mwa tairi palikuwa na jeraha lenye urefu wa kiganja. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi wa nailoni, mishono imekaa sawasawa, na juu yake imepakwa gundi iliyokauka ikang'aa. Kuzunguka jeraha, mpira ulikuwa umefura kidogo, kama shavu la mtu anayeumwa jino.

"Mjomba," aliita. "Hii ni nini?"

Aliyeitwa alikuwa juu ya gari akifunga kamba masanduku ya barafu yenye chanjo. Alikuwa dereva wa chama cha wafugaji na mume wa shangazi yake Dokta. Tangu utotoni Dokta alimwita mjomba, na hata baada ya kumaliza chuo na kuajiriwa kutibu mifugo ya chama hichohicho, jina halikubadilika. Wengine wote pale uani walimwita Bado. Jina hilo alilipata kwa haki. Shati likitoboka kwapani, alisema bado zima. Mswaki ukibaki mti mtupu, bado mzima. Gari lenyewe, lililokuwa likiwashwa asubuhi linakohoa kama mzee aliyelala nje, kwake lilikuwa bado kijana.

"Hiyo ni kazi ya mikono," Bado alijibu bila kuinua kichwa. "Lile jiwe la korongoni lilitupasua juzi, wewe umesinzia. Sikutaka kukuamsha."

"Ukalishona?"

"Nikalishona, nikatia kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, nikatia na tyubu. Fundi wa suti akiuona mshono huo, ataenda kulima."

Dokta alivuta pumzi. Alikuwa amejifundisha kuwaeleza watu mambo polepole, kwa mifano, kwa sababu aliamini kwa moyo wote kwamba mtu akieleweshwa vizuri huelewa.

"Mjomba, mimi nashona ng'ombe. Jeraha likiwa mgongoni nashona, linapona. Likiwa gotini, panapokunjwa kila hatua, nashona na bado namwambia mwenyewe amfunge zizini, asitembee. Sasa ubavu wa tairi unakunjwa kila gurudumu linapozunguka. Wewe unataka kulipitisha kwenye mawe, kwenye mchanga, halafu lami. Na ng'ombe angalau nyama yake inaungana. Mpira hauponi."

"Ng'ombe ni ng'ombe, tairi ni tairi."

"Mjomba!"

"Linashika upepo, Dokta. Jana jioni nimelijaza. Asubuhi hii nimelipiga teke, nalo likanipiga teke. Bado zima."

Dokta alisimama, akajikung'uta vumbi la magoti, akavuka ua kwenda stoo.

Stoo ya chama ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha la wavu, na harufu ya mpira mpya iliyochanganyika na ya chumvi ya ng'ombe. Juu kabisa, yakiwa yamepangwa kwenye bomba la chuma, yalining'inia matairi mapya, kila moja limevishwa karatasi ya kaki kama zawadi ya harusi. Chini yake, katika koti la bluu lenye kalamu mfukoni, aliketi baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hapa kazini ni mzee mtunza stoo."

"Shikamoo mzee mtunza stoo. Naomba tairi moja la gari."

"Liko wapi lililokufa?"

"Halijafa. Ndiyo maana nimekuja mapema."

"Basi likifa, njoo nalo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Stoo haikutoa tairi jipya mpaka iletewe lililokufa, na lililokufa, kwa tafsiri ya baba yake, ni lile lisiloshika upepo. Aliitunga mwenyewe miaka mingi nyuma, baada ya dereva mmoja kuwa na mtindo wa kurudisha matairi mazima akidai ni mabovu, kisha kuyazungusha sokoni. Mwaka ule gari la chama lilikaa juu ya mawe msimu mzima, na ng'ombe wa watu wakafa kwa kukosa chanjo. Dokta aliijua hadithi hiyo kama jina lake, na hakuidharau. Sheria ilikuwa nzuri siku iliyozaliwa. Lakini sasa ilikuwa inamtaka mtu apate ajali kwanza, ndipo aje kuomba kitu ambacho kingeizuia.

"Kwa hiyo, baba, nisubiri lipasuke nikiwa ndani ya gari, halafu nije kukuonyesha?"

"Usinitilie maneno mdomoni. Linashika upepo?"

Dokta aliyatazama matairi yaliyoning'inia juu.

"Nimeuliza. Linashika au halishiki?"

"Linashika, lakini—"

"Basi ni zima."

Nyuma yao, mlangoni, Bado alikohoa. "Mimi sikumtuma, shemeji. Sijaomba kitu hapa."

"Nimesikia, shemeji. Hujaomba."

Dokta aliwatazama wote wawili akatamani kuwafungia zizini. Mambo haya yalianza zamani, kwenye chakula cha familia, baba yake alipowavunja watu mbavu kwa kusema kwamba dada yake ameolewa na mwanamume anayetafuna matairi kama karanga. Watu walicheka. Bado mwenyewe alicheka kuliko wote. Lakini tangu siku ile hakuomba tena tairi. Alishona, aliziba, alitia viraka, alipaka gundi. Alikuwa tayari kufa na tai yake shingoni kuliko kusimama kwenye dirisha lile la wavu akanyoosha mkono. Na baba yake Dokta, kwa kutoona maombi, akaridhika kwamba hatimaye shemeji yake amejifunza kuendesha.

Dokta alimpigia shangazi yake simu akiwa amejibanza nyuma ya tangi la maji.

"Shangazi, zungumza na mumeo. Tairi ni bovu."

"Zungumza na babako."

"Hasikii."

"Sasa mwanangu, mmoja ni kaka yangu, mwingine ni mume wangu. Ningekuwa na dawa yao, si ungenikuta na nywele nyeusi?" Shangazi akashusha sauti. "Nenda tu, ila usimwache akimbize gari. Akikimbiza, mpige kofi. Mwambie nimekutuma."

Angeweza kukataa kupanda. Alilifikiria hilo akiwa ameshika mlango wa gari. Lakini barafu ilikuwa inayeyuka masandukuni, na huko machungani wafugaji walikuwa wamekwisha kuwazuia ng'ombe zizini tangu alfajiri, hawajala wala hawajanywa, wakimsubiri yeye. Akapanda, akafunga mkanda, akaukaza mpaka ukamuuma.

Kwenda, walikwenda salama. Kwenye mawe Bado aliendesha polepole, akiimba chini kwa chini. Walipofika kwenye mchanga alisimama, akapunguza upepo magurudumu yote ili yatandazike yasizame, nalo gari likaelea kama bata. Dokta alichanja ng'ombe mpaka mabega yakamwisha nguvu. Alipomaliza alinuka samadi kichwa mpaka viatu, na alikuwa karibu kusahau habari ya tairi.

Walirudi, wakavuka mchanga, wakaifikia lami.

"Sasa tujaze upepo," Dokta alisema.

"Kwa ile pampu ya mguu? Magoti yangu haya? Tutajaza kwa mashine uani. Si mbali."

"Mjomba, tairi laini kwenye lami linapata moto. Hata zima linapata moto. Hili—"

Lakini gari lilikuwa limekwisha kushika mwendo, na upepo wa dirishani ulichukua maneno yake ukayatupa nyuma. Akakunja uso, akakunja mikono, akatega pua.

Harufu haikuchelewa. Ilikuwa kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Simama."

"Hiyo ni breki."

"Mjomba, simama."

"Basi ni gari la mbele."

"Hakuna gari mbele! Barabara nzima tuko peke yetu! Simama, la sivyo nakupiga kofi, na shangazi ndiye aliyenituma!"

Bado alisimama. Dokta alishuka, akazunguka nyuma, akaligusa tairi kwa kiganja. Akauondoa mkono upesi akiupuliza. Ule uvimbe mdogo wa asubuhi ulikuwa sasa sawa na ngumi, na nyuzi zilikuwa zimezama kwenye mpira kama kamba kwenye shingo ya ndama aliyesahauliwa kufunguliwa.

Bado alikuja akasimama kando yake, mikono kiunoni. "Mbona bado—"

"Ukilimaliza hilo neno, nashuka natembea kwa miguu."

"Umeshashuka."

Dokta alifyonya kwa sauti ambayo mama yake angeikemea. Akaleta jeki mwenyewe. Wakaliacha tairi lipoe, kisha wakalifunga la akiba, ambalo lilikuwa limelika mpaka likawa laini kama upara, lakini angalau halikuwa na kidonda. Wakarudi mjini kwa mwendo wa maiti. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa majani aliwapita, akawapungia mkono kwa huruma.

Uani, Dokta hakungoja hata kunawa. Aliliviringisha tairi lile mpaka mlangoni mwa stoo, akaliegemeza ukutani.

"Hili hapa, mzee mtunza stoo. Limekufa."

Baba yake alitoka, akavaa miwani, akalibonyeza kwa kidole gumba. "Limelegea tu."

"Limelegea kwa sababu limekufa."

"Upepo mliutoa wenyewe kule mchangani, hamkuurudisha. Mtu ukimnyima chakula, halafu useme ni mgonjwa?" Akamgeukia Bado. "Shemeji, likijazwa litashika?"

Bado alijinyoosha. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, shemeji yake alikuwa amemuuliza jambo kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. "Litashika, shemeji. Mshono ule si wa mchezo."

"Lete mpira wa upepo. Tulijaze tuone. Likishika, ni zima. Lisiposhika, natoa jipya sasa hivi, roho safi."

"Hapana," Dokta alisema. "Msilijaze. Baba, nisikilize. Limetembea likiwa laini, limepata moto. Zile nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira, zinazolishika lisifumuke, zimekatika. Hazionekani kwa nje. Ukilisukumia upepo sasa, litapasuka usoni mwako."

"Nyuzi gani? Mimi nauona mshono, na umekaa vizuri."

"Asante, shemeji," alisema Bado.

"Si kitu, shemeji. Ukweli husemwa."

Baba yake alileta kigoda chake kutoka ndani, akaketi mbele ya tairi, kipimo cha upepo mkononi. Bado aliinama upande wa pili, akaubana mpira kwenye vali. Mashine ikaanza kunguruma. Dokta alienda ukutani akauchomoa waya wa umeme, na mashine ikanyamaza, lakini tangi lake lilikuwa limekwisha kujaa, na upepo ukaendelea kwenda kwa mluzi mwembamba.

"Huyu mtoto amekuwaje leo?" baba yake aliuliza, macho kwenye kipimo.

"Jua," Bado alimjibu. "Ameshinda juani."

Ndipo Dokta alipoisikia. *Tik.* Sauti ndogo, kavu. Aliijua. Ndiyo sauti ya uzi unaoachia kwenye nyama, ng'ombe anaponyanyuka kabla ya wakati. *Tik.* Uvimbe ulikuwa umetokeza tena, na wazee wawili walikuwa wameusogelea kwa vichwa vyote viwili ili wauone vizuri.

"Baba, toka hapo!"

Baba yake aliinua mkono kumnyamazisha. "Subiri. Inapanda."

"Mjomba! Baba! Tafadhali!"

"Inapanda vizuri," alisema Bado.

*Tik, tik.*

Siku nzima Dokta alikuwa amesema kweli. Aliisema kwa heshima, kwa mifano, kwa hasira, kwa kusihi. Na mbele yake sasa palikuwa na visogo viwili vyenye mvi vilivyomzaa na kumlea, vimeinamia kitu ambacho kilikuwa kinakaribia kuvifumua, wala hakuna kisogo hata kimoja kinachogeuka. Akajaza kifua pumzi.

"Stoo inawaka moto!"

Baba yake aliruka kama mtu aliyekalia siafu. Kipimo kilidondoka. Alikuwa ndani ya mlango wa stoo kabla kigoda hakijatulia, na Bado, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ametupa mpira wa upepo na kukimbilia ndoo ya mchanga. Dokta alimsukuma mgongoni, akamwingiza stoo naye pia, akaingia nyuma yao.

Kisha ulimwengu ukapasuka.

Vumbi lilipotua, kigoda hakikuwapo. Palikuwa na vipande vya mbao vilivyotapakaa mpaka kwenye tangi la maji. Ringi ya chuma ilikuwa imeruka, ikaubonyeza ukuta wa bati, ikaanguka mbali huko, na mpira wa upepo ulikuwa unajipigapiga chini kama nyoka aliyekatwa mkia. Bati la paa liliendelea kutetema.

Baba yake alikuwa amesimama katikati ya stoo, shingo juu, akinusa. "Moto uko wapi?" Alipiga kelele, maana masikio yalikuwa yameziba.

"Hakuna moto."

"Nini?"

"Hakuna moto, baba! Nimesema uongo!"

"Umenidanganya? Mimi?"

"Ndiyo!"

Alimtazama binti yake, kisha akatazama nje. Alitazama mahali alipokuwa ameketi.

"Ungeniomba," hatimaye alimwambia Bado, sauti bado iko juu. "Tairi! Ungefungua mdomo ukaniomba tairi!"

"Nikuombe, unitangaze tena kwa wakwe kwamba natafuna karanga?"

"Ulikuwa mzaha!"

"Ulikuwa mzaha kwako!"

"Kwa hiyo umuue mwanangu kwa sababu ya karanga?"

"Na wewe ungemuua kwa kulinda karatasi za kaki!"

"Nyamazeni!"

Walinyamaza. Dokta hakuwahi kuwaambia neno hilo, na wote watatu walilisikia likigonga bati na kurudi. Dokta alitaka kuendelea kwa ukali uleule, lakini sauti ilimkatikia njiani, na machozi yakaanza kuchora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Nimewaeleza tangu asubuhi. Nimewaeleza njiani, nimewaeleza hapa, nimewasihi. Hakuna aliyegeuza kichwa. Nimesema stoo inaungua, mkakimbia kama vijana." Alijifuta kwa mkono unaonuka samadi, akazidi kujichafua. "Nilipopanda gari lile asubuhi, baba, nilikuwa na hofu. Nilikuja kukwambia nina hofu. Ukaniuliza kama tairi linashika upepo."

Baba yake alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena. Bado alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi, kichwa mikononi.

Kesho yake asubuhi Dokta alifika uani mapema. Palikuwa na kijiji kingine cha kuchanja, tena cha mbali zaidi. Masanduku ya barafu yalikuwa tayari juu ya gari, na sakafu ya stoo ilikuwa imejaa karatasi za kaki zilizochanwa. Bado alikuwa kwenye usukani, amechoka uso kama mtu aliyekesha msibani.

"Twende, mjomba."

"Muulize aliye chini."

Dokta aliinama. Baba yake alikuwa amelala chali juu ya gunia, ndani ya koti la bluu, tochi mdomoni, anapapasa tairi jipya ubavu wa ndani kwa vidole vyote kama mtu anayetafuta uvimbe kwenye titi la ng'ombe.

"Baba, ni mapya yote. Umeyafunga mwenyewe."

Aliitoa tochi mdomoni. "Mapya nayo yanatengenezwa na watu. Shemeji! Songa mbele kidogo, nione sehemu iliyokanyaga chini."

"Toka kwanza, shemeji, nisikukanyage."

Alitoka akijiburuta, gari likasonga hatua moja, akaingia tena. Akahamia tairi la pili. Akapima upepo, akapima tena, akauliza watapitia wapi, kuna mawe ya namna gani, na pampu mpya ya umeme wameiweka wapi. Akaitaka aione. Akaonyeshwa. Akataka aione ikifanya kazi.

"Barafu itayeyuka," alisema Dokta.

"Nitaomba nyingine."

"Wafugaji wanasubiri, baba. Ng'ombe hawajala."

"Wapigie simu, wawape majani."

Dokta alipanda garini, akafunga mlango kwa kishindo, akapitisha mkono mbele ya mjomba wake, akaubana kwenye honi. Ililia ua mzima. Wahasibu wa chama walichungulia madirishani.

"Piga tu," sauti ilitoka chini ya gari, shwari kabisa. "Nimebakiza la akiba."

Honi ililia tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi. Kutoka chini, mkono wenye grisi ulitokeza, ukapapasa hewani ukitafuta tochi iliyokuwa imebingirika mbali.

Dokta aliutazama mkono ule ukipapasa mahali pasipo na kitu. Akafyonya, akafungua mlango, akashuka.

"Sogea huko," alisema, akiokota tochi. "Unamulika vibaya."